Wachumba wanakauka mbele ya kamera: mnawafanyaje wakaribiane bila kuigiza?

Pichapicha_Majengo

Wakuu, habari za jioni. Nipo Moshi, napiga picha za wachumba kabla ya harusi na picha za familia. Swali langu linavuka kamera kidogo, ndiyo maana nimelileta hapa penye watu wa jukwaa na watu wa mila.

Wachumba wakiwa wanasubiri jua lishuke wanataniana vizuri tu. Binti anamtoa mwenzake unyasi begani, kaka kambebea mkoba, wanacheka. Ukisema "haya, tuanze", mabega yanapanda, mikono inakufa, kila mmoja anakodolea lenzi utadhani anapigwa ya kitambulisho. Ukiwapa pozi la mtandaoni wanalifuata kama wako kwenye gwaride. Picha inatoka kali, mwanga safi, lakini ni ya watu wawili waliokutana stendi.

Naomba kujuzwa: unawaambia nini dakika zile za mwanzo? Unasimama umbali gani, na lenzi ipi? Wapambe na mashemeji waliokuja kushangaa unawaweka wapi? Halafu mwezi ujao kuna jubilei ya miaka 50 ya wazee huko Marangu, na watoto wao wameshasema wanataka "picha ya mapenzi". Wazee wale hata mkono hawashikani mbele za watu. Hapo inakuwaje?

Kamera ni fremu kamili (full frame), nina lenzi za milimita 35, 50 na 85.

Mwanga_wa_Rau

Mkuu, jibu limo kwenye neno lako mwenyewe. Ukisema "tuanze", waliokuwa wawili wanakuwa watatu, na wa tatu kashika mtambo. Mtu hubadilika kufuata aliyepo. Kwa hiyo kabla hujafikiria pozi, fikiria wewe ni nani kwao kwa dakika hiyo na umesimama wapi.

Edward Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, miaka ya 1960 alipima nafasi ambayo watu huachiana kulingana na uhusiano wao. Kwa Wamarekani aliowachunguza, chini ya sentimita 45 ni eneo la wapenzi na la mzazi na mtoto. Kutoka hapo hadi mita 1.2 ni marafiki, na kutoka mita 1.2 hadi 3.6 ni watu wa kazi na wageni. Namba hubadilika kwa kila utamaduni, ila kanuni inabaki: ukimsogeza mtu kwenye eneo ambalo uhusiano haujamfikisha, mwili unajifunga. Panda Hiace ya Kiborloni jioni uone. Wote mko ndani ya sentimita 45, na kila mtu kageuza macho dirishani, bega kalikaza, uso kauzima. Hicho ndicho wanachokifanya wachumba wako ukiwaambia "kumbatianeni" wakati wewe uko mbele yao mita moja na nusu na 35. Umewapakia Hiace.

Anza na 85, mita 3 hadi 4 kutoka kwao. Hapo bado wewe ni mtu wa kazi, hujaingia chumbani. Robo saa ya kwanza piga lakini usiitegemee, na usiwaonyeshe skrini. Mtu akishajiona mdomo ulivyokaa, anaanza kuulinda mdomo. Baadaye, wakishakuzoea, ndipo usogee na 50. Ile 35 iache kwa picha zenye mandhari, maana ukiikaribisha usoni chini ya mita moja pua inakua na masikio yanakimbia.

Tundu la lenzi (ile namba ya f, ikiwa ndogo tundu ni kubwa) ndipo wengi wanapoumia. Ukiwa na 85 kwenye f/1.8, mita 2 kutoka kwao, sehemu iliyo kali ina kina cha sentimita 6 hivi. Nyuso mbili hazikai kwenye sentimita 6 isipokuwa kwa bahati. Mmoja anakuwa mkali, mwenzake ukungu, na mtazamaji anasoma kwamba mmoja ndiye muhimu. Rudi mita 3, weka f/4, unapata kama sentimita 30, na wote wawili wanakuwemo. F/1.8 itumie pale tu unapotaka kusema kwamba mmoja anamtazama mwenzake aliye nje ya fokasi. Hiyo ni sentensi nyingine kabisa.

Sasa cha kuwaambia. Usiseme "tabasamu", usiseme "onyesheni mapenzi". Daktari Mfaransa Duchenne alishalionyesha mwaka 1862: cheko la kweli linakaza msuli unaozunguka jicho, na msuli huo watu wengi hawauamrishi wakitaka. Mdomo unatii, jicho linakataa, na picha inaonyesha ubishi huo. Wape kazi ya mikono badala yake, kazi ambayo haifanyiki bila wawili.

Inayofanya kazi kuliko zote ni kukunja kanga. Chukua moja, yaani nusu ya doti, kama mita 1.5 kwa 1.1. Kila mmoja ashike pembe mbili za upande mfupi, wavute ikaze. Wako mita moja na nusu, eneo la watu wa kazi. Waambie tu: "Ikunjeni kama ya kuweka kabatini." Lazima mmoja apeleke pembe zake kwa mwenzake. Vidole vinakutana, mmoja anaachia, anainama kuokota mkunjo ulioning'inia, wanavuta tena. Sasa ni sentimita 75. Wanakutana mara ya pili, anaokota tena, kitambaa kimebaki kama sentimita 37. Wameingia eneo la ndani kwa miguu yao wenyewe na hakuna aliyewasukuma.

Angalia kitu kimoja. Kila wanapokutana kuna nusu sekunde ambayo pembe zote nne ziko kwenye mikono minne na haijulikani nani aachie. Hapo wanatazamana machoni kuulizana. Picha yako ni hiyo nusu sekunde. Simama ubavuni, kanga ikukate mbele kutoka kushoto kwenda kulia, ili nyuso zote ziwe umbali mmoja kutoka kwako. Ukisimama hivyo hata f/2.8 inatosha. Shata 1/500, fremu tano kwa sekunde, anza kubonyeza mguu wa anayetembea ukinyanyuka, si mikono ikishakutana. Ukisubiri mikono, umechelewa.

Kinachoharibu zoezi hili mara nyingi ni mpiga picha kusema "hapo hapo, msitikisike". Ukiwagandisha umeua. Kama umeikosa, waambie wameikunja vibaya, warudie. Watalaumiana, na lawama hizo ni tamu kuliko ile ya kwanza.

Kuhusu miili wakisimama: tazama viuno kabla ya mabega. Wakigusana mabega huku viuno vimeachana wanatoa herufi A, na jicho la mtazamaji linaijua A hiyo, ni salamu ya watu walionuniana msibani. Waambie waguse nyonga kwanza, mabega yatafuata yenyewe. Mkono uliokufa upe kitu: ukosi wa koti, kikombe, mkanda wa mkoba. Uonekane kwa upande wa kidole kidogo, mgongo wa kiganja ukitazama lenzi unakuwa mkubwa kuliko uso. Na busu, kama wanataka, lisimame sentimita mbili kabla ya midomo kukutana. Midomo ikishabanana hakuna uso tena, kuna pua mbili.

Shangazi_wa_Tengeru

Mwanangu Pichapicha, kaka hapo juu kasema vizuri habari za vipimo. Mimi naongeza kwamba mbele ya kamera hamko watatu. Mko ukumbi mzima.

Binti anaposimama na mwenzake Ziwa Duluti, kichwani anajua picha hiyo itawekwa kwenye skrini siku ya send-off. Itaonwa na baba mkubwa, mchungaji, mama mkwe na wanakamati waliochangia. Ukimwambia amlalie kaka kifuani, anamwona baba mkubwa. Hapo hakuna mwanga utakaomsaidia. Kwa hiyo yamalizeni kabla hamjatoka nyumbani: picha za ukumbini ziwe ngapi, na zao wenyewe ziwe ngapi. Wape mgawo, tuseme 20 za ukumbini na 10 zao, na kabla ya kila seti useme waziwazi, "Hizi ni zenu, haziendi kwenye skrini." Utaona mabega yanashuka kwa neno hilo tu. Halafu litunze. Folda mbili, na ile ya pili asipewe shemeji wala MC. Mpiga picha akivujisha moja, mji huu ni mdogo.

Uliza na dini. Kwa Waislamu wengi, kabla ya nikahi wachumba hawagusani, na kuwalazimisha ni kuwavunjia heshima. Hapo kanga ya Mwanga_wa_Rau inasaidia, maana kitambaa kinawaunganisha na ngozi haigusani, mradi wasimame kabla vidole havijakutana. Au wakae meza moja ya kahawa, birika katikati, mmoja amimine. Mvuke na macho vinatosha.

Mila za huku nazo zina sarufi yake. Jani la isale kwa Wachaga linaombea msamaha na amani, na hupandwa mipakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo. Vijana wa mapambo siku hizi wanaliweka kwenye shada kwa kuwa ni la kijani na linapendeza. Mzee akiona bwana harusi kampa binti isale kwenye picha, atauliza: kamkosea nini mapema hivi? Tafuta jani lingine.

Kwa familia za Kimaasai na Kiarusha, hesabu rika kabla ya kupanga watu. Wanaume wa rika la baba wa binti, kwake wote ni baba. Usimweke binti ubavuni mwa mmoja wao mkono ukiwa kiunoni eti kwa kuwa fremu imebaki na nafasi. Picha iliyo sahihi na nzuri zaidi ni ya salamu: mdogo anainamisha kichwa, mkubwa anamgusa kichwani kwa kiganja. Ipige kutoka usawa wa kichwa cha aliyeinama, siyo kutoka juu. Utapata mkono wa mkubwa na jicho la mdogo pamoja.

Na bwana harusi usimgandishe bega kwa bega na mama mkwe wake. Weka mtoto katikati, au bibi kwenye kiti. Watakushukuru bila kusema.

Wazee wa jubilei nitawarudia baadaye, nina maharage jikoni.

Jukwaa_Sanawari

Nazungumza kutoka upande wa uigizaji, maana swali ni lile lile. Watu wawili wakipanda jukwaani, mtazamaji haoni hisia zao. Anaona nani anajirekebisha kwa ajili ya nani: nani anapunguza mwendo ili mwenzake amfikie, nani anageuza goti, nani anashusha sauti. Uhusiano unasomwa kwenye marekebisho hayo madogo. Pozi la mtandaoni halina marekebisho, kila mmoja kapewa nafasi yake tayari, ndiyo maana linakauka.

Ushahidi mzuri ni picha ya Malick Sidibé wa Bamako, ya mwaka 1963, inayoitwa Nuit de Noël. Kijana na msichana wanacheza, vichwa vimeinama vinakaribia kugusana, msichana yuko pekupeku. Kila anayeiona anasema wapenzi. Ni kaka na dada. Wanachokifanya wote wawili ni kutazama miguu ili waende pamoja, na umakini huo wa pamoja ndio tunaousoma kama mapenzi. Kwa hiyo usihangaike kuwafanya wahisi kitu. Wafanye wamakinike na kitu kimoja.

Halafu usiwape wawili pozi moja. Angalia picha ambayo Annie Leibovitz aliwapiga John Lennon na Yoko Ono New York tarehe 8 Desemba 1980, saa chache kabla Lennon hajauawa. Mwanaume yuko uchi kajikunja kama mtoto na kumkumbatia mke, na mke kavaa nguo zake kamili, kalala, anatazama pembeni. Mmoja anaomba, mwenzake yupo tu. Siwaambii mkawavue watu nguo Materuni! Nasema kwamba ukaribu unaonekana vizuri pale wawili wanapotofautiana: mmoja ameegemea, mwingine ni nguzo. Mmoja anasema, mwingine anasikiliza. Wote wakiegemea kwa pamoja unarudi kwenye herufi A.

Mazoezi mawili ya kuwapasha moto, dakika sita kwa jumla, kamera ikiwa begani:

Kioo. Wasimame mita moja, wakitazamana. Dakika mbili mmoja aongoze kwa mikono, mwenzake amwige kama kioo, polepole kiasi kwamba mtu wa pembeni asijue nani anaongoza. Kisha wabadilishane dakika mbili. Linaharibika pale anayeongoza anapotaka kumshinda mwenzake kwa kufanya haraka, na wanaume wanaipenda hiyo. Mwambie: mwenzako akikosea, aliyekosea ni wewe.

Mgongo kwa mgongo. Wasimame wamegusana migongo, kila mmoja asogeze miguu mbele sentimita 30 hivi, waegemeane mpaka uzito wa kila mmoja uwe kwa mwenzake. Wakae hapo dakika mbili bila kusema. Pumzi zitaanza kwenda pamoja bila kuambiwa. Viatu vya kisigino vivuliwe kwanza, na iwe ardhi kavu. Kama mmoja ni mzito sana kuliko mwenzake, mzito apunguze hatua, sentimita 10 zinatosha.

Na mgusano uombewe ruhusa kwa maneno. Kwenye sinema, tangu kampuni ya HBO ilipoanza mwaka 2018 kuweka msimamizi maalumu wa matukio ya faragha, utaratibu umekuwa kwamba kila mguso unakubaliwa kabla: sehemu gani, mkono wa nani, kwa muda gani, na neno la kusimamisha. Watu wanadhani hiyo inaua hisia. Kinyume chake, mtu anayejua mkono utaishia wapi haukazi mwili kuusubiri. Kwa wachumba uliza tu, "Bega, kiuno, shavu: kipi sawa, kipi si sawa?" Muulize binti peke yake, na kaka peke yake. Majibu hutofautiana.

Kibo_Zoom

Mnazunguka sana wakuu. Chukua lenzi ya zoom ya 70–200, kaa mita 15, waambie watembee shamba la kahawa, wakusahau. Mtu asiyejua anapigwa hakauki. Kazi kwisha.

Mwanga_wa_Rau

Kibo_Zoom, sehemu yake ni kweli. Milimita 200 kwa mita 15, f/2.8, bado una karibu mita moja ya ukali, wanaweza kutembea ndani yake. Ila mita 15 huwezi kuongea, unapiga kelele, na sauti ya kupigiwa kelele inawarudisha kwenye gwaride. Halafu wachumba hawasahau. Wanajua wamelipia. Wanatembea mbele mbele tu, hakuna anayegeuka.

Kama unaitaka njia hiyo, wape simu moja yenye earphone za waya, kila mmoja sikio moja, wewe umepiga na unaongea taratibu. Waya ni mfupi, vichwa vinakaribiana vyenyewe. Zisizo na waya zinakunyima faida hiyo.

Pichapicha_Majengo

Nashukuru sana wakuu, nimeshanunua daftari. Ya kanga nimeielewa mpaka nimeiona.

Mawili yamebaki. Wapambe: wakiwepo wanacheka, wakiondolewa wananuna. Na ngozi: mara nyingi mmoja ni maji ya kunde, mwenzake mweusi tii, shati jeupe, tuko chini ya migomba. Nikimwangazia mmoja namharibu mwingine, na wakikaa karibu ndiyo tofauti inakuwa kubwa. Na Shangazi, bado tunasubiri wazee.

Mwanga_wa_Rau

Wapambe: abaki mmoja, na mpe kazi. Ashike rifleta, kile kibao cha kurudishia mwanga. Mwenye kazi hachekeshi. Asimame nyuma yako au ubavuni mwako, kamwe asiwe nyuma ya wachumba, kwa sababu macho yao yatamfuata. Wengine watume mbele kwenye eneo linalofuata wakatafute kivuli. Usichague dada wa bwana harusi. Wifi mtarajiwa akiwa mita tatu, binti anapigwa picha ya usaili.

Ngozi: mweusi akae upande mwanga unakotokea, maji ya kunde akae upande wa pili. Pima mwanga kwa nukta kwenye shavu la mweusi lenye mwanga, kisha punguza kama stopu moja (yaani nusu ya mwanga) kutoka pale mita inapokuambia, kwa sababu mita inadhani kila kitu ni kijivu na itamchubua. Hakikisha shati jeupe halijapasuka. Kama linapasuka, punguza tena theluthi moja moja ya stopu, uso utauinua kwenye kuediti ukipiga RAW (faili ghafi la kamera). Nguo nyeupe kabisa ishauri iwe ya maziwa au kahawia, nusu ya shida inaisha.

Chini ya migomba tatizo kubwa ni ukijani. Jani la mgomba linapitisha mwanga na kuupaka ngozi, hasa chini ya kidevu, na ngozi nyeusi inaonekana kama ya mgonjwa. Usiingie katikati ya shamba. Simama ukingoni, migomba iwe nyuma yao, na mbele yao pawe na anga wazi. Barabara ya udongo mwekundu mbele yao ni rifleta ya bure, inarudisha joto kidevuni. Pima mizani ya weupe (white balance) kwa karatasi ya kijivu pale pale wanaposimama.

Muda: Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ukiutaka nyuma yao, nenda alfajiri, wasimame kufikia saa kumi na mbili na nusu. Saa tatu hivi mawingu huwa yameshaufunika. Jioni wakati mwingine unafunguka tena, kuanzia saa kumi na moja, ukiwa na bahati. Mlima uko kaskazini mwa mji, hivyo asubuhi na jioni mwanga unawapiga wachumba ubavuni, na hapo ndipo ile kanuni ya nani akae upande gani inakuwa na maana.

Shangazi_wa_Tengeru

Haya, wazee.

Kwanza, watoto wao wasiwepo. Watumwe jikoni au wakahesabu viti. Mtoto wa miaka 45 akisimama nyuma yako anapiga makofi, "Baba, mbusu mama!", mzee atacheka kicheko cha aibu na bibi ataangalia chini, na hapo mmepoteza nusu saa. Kwao ukaribu hauko kwenye kukumbatiana. Uko kwenye kuhudumiana, na kwenye kukaa.

Weka benchi moja fupi, kama mita 1.2, siyo viti viwili. Viti viwili vina mikono na vinawatenga kama wenyeviti wa mkutano. Usiwaambie nani akae wapi. Watakaa kama wanavyokaa miaka 50, kushoto na kulia kwao havibadiliki, na ukiwageuza kwa sababu ya mwanga wote wawili watakaa upande upande. Hamisha benchi, usihamishe wazee. Miguu ifike chini vizuri. Mzee anayening'iniza miguu anashikilia ubao, na mkono unaoshikilia ubao haumshiki mtu.

Kisha mkabidhi bibi koti la mzee. Mwache amvalishe. Atamfunga kifungo, atamfuta bega hata kama hakuna vumbi, atamvuta ukosi kwa vidole viwili, na mzee atainua kidevu kidogo kumpisha. Kile kidevu, mwanangu. Hajaambiwa, hajaombwa, anakiinua tu. Kaa ubavuni na 85, mita tatu, kimya kabisa. Watoto wakitaka picha ya mapenzi, ni hiyo.

Ukimaliza, waulize swali lenye majibu mawili: nyumba hii iliezekwa bati mwaka gani? Atasema mzee. Bibi atasema hapana. Watageukiana, atamgonga goti kwa mkono, na watasahau kama upo. Usiulize habari za watoto waliofariki wala za mashamba yenye kesi. Tafuta kwanza kwa binti yao mkubwa yapi hayaguswi.

Wazee huchoka, ziwe dakika 25 tu. Usivute.

Jukwaa_Sanawari

Shangazi kanimaliza na hicho kidevu. Hayo ndiyo marekebisho niliyokuwa nayasema.

Nyongeza ndogo kwa wachumba: watu wanaopendana kweli mara nyingi huigiza mapenzi vibaya kuliko waigizaji wasiojuana, kwa sababu wana kitu cha kuficha. Kwa hiyo usishangae wakikauka zaidi kuliko mlivyotarajia, na usiwaambie "mbona hamfanani na wapenzi". Neno hilo watalala nalo.

Pichapicha_Majengo

Nimewaelewa, asanteni sana. La mwisho kabisa: kanga ninunue yoyote pale sokoni Mbuyuni, au kuna namna?

Shangazi_wa_Tengeru

Soma jina kwanza! Kanga nyingine zimeandikwa mafumbo ya kumpiga jirani au mke mwenza, na wakiikunja vibaya jina ndilo litakalotazama lenzi. Chukua yenye maneno ya heri, pindo pana, rangi isiyoshindana na gauni la binti.

Mwanga_wa_Rau

Na uifue kabla, mara mbili. Mpya ina wanga, inasimama kama bati. Wakifika mkunjo wa pili inafunguka yenyewe, na wote wanaitazama kanga badala ya kutazamana.